Nusu na Theluthi ya Kikwembe Kimoja

Jumatatu, 19 Februari

Mvua tangu saa nane. Bati la kanisa limepiga kelele hadi sikusikia sauti yangu mwenyewe, nami sina sauti ndogo. Wanawake wamekuja hata hivyo, matope hadi magotini. Wengine wametoka sokoni, wengine shambani. Mama Kapinga ametoka kazini, kwenye kantini ya kambi ya mgodi, bado ananuka vitunguu.

Somo: kujumlisha sehemu zenye namba moja ya chini. 2/7 na 3/7. Nimewaambia namba ya chini ni jina tu. Beseni mbili na beseni tatu ni beseni tano, jina halibadiliki. Wameandika 5/7. Mama Kapinga peke yake ameandika 5/14. Nimemsahihisha. Amefuta bila ubishi, kwa uso wa mtu anayempisha mlevi njiani.

Baadaye Direkta wa kituo chetu cha kusomesha watu wazima amenisubiri mlangoni na mwavuli wake. Anataka tuishie hapo. Sehemu zenye namba tofauti za chini, anasema, ni za watoto wenye akili mbichi. Bamama hawa watachanganyikiwa bure. Nimemjibu kwamba mtu anayejua kujumlisha sehemu za saba na za saba tu hajui kujumlisha. Kisha nimemuuliza akili yake yeye iliiva mwaka gani. Hakucheka. Sikutaka acheke.

Jumatano, 21 Februari

Nimeandika ubaoni: 1/2 + 1/3. Bila kumwomba mtu ruhusa.

Mama Kapinga: 2/5. Juu na juu, chini na chini. Na safari hii hakuwa peke yake. Nusu ya darasa wameandika 2/5, kila mmoja kwenye kibao chake, bila kuchunguliana. Nimekasirika. Nimewaambia juzi tu tulisema namba za chini hazijumlishwi. Mama Kapinga akasimama.

“Madame, juzi chini zilikuwa moja, tukakubali. Leo haziko moja. Ni kama ku buletini ya mutoto. Unapanga juu, unapanga chini. Direkta wa shule yake mwenyewe anasaini.”

“Buletini gani?”

“Ya Odia wangu. Miaka yote mi mwenyewe njo nayihesabu. Buletini inasema hivi, weye unasema vile. Mi nitaamini nani?”

Darasa likanguruma kumuunga mkono. Nimesoma vitabu vingi kuliko watu wote wa mtaa huu, nimegombana redioni na wanasheria, na leo nikageuka kufuta ubao. Nimemwambia alete hiyo buletini, karatasi ya alama za mtoto. Nimefunga somo mapema kwa kisingizio cha mawingu.

Yule mama hachezi. Mkandarasi wa kantini ametangaza: atakayeandikishwa kwenye mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ataendelea na kazi, asiyeandikishwa ataachia aproni baada ya Pasaka. Kabla ya kantini Mama Kapinga alikuwa akiosha mawe ya madini mtoni, maji kiunoni kutwa. Ngozi ya miguu yake bado ina mabaka. Anayapaka mafuta ya mawese na hayataji. Akikosa mtihani, anarudi majini.

Ijumaa, 23 Februari

Ameleta buletini, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kama cheti cha ubatizo. Odia, darasa la nne. Imla 7/10. Hesabu 11/20. Jumla ya masomo hayo mawili, kwa mkono wa mwalimu na muhuri wa shule: 18/30.

Nimezihesabu upya.

Saba na kumi na moja, kumi na nane. Kumi na ishirini, thelathini. Juu na juu, chini na chini. Kila mzazi wa mji huu amefundishwa hesabu hiyo kila muhula, na amewekewa mstari wa kutia saini chini yake. Halafu sisi walimu tunawaita wajinga kwa kuifuata! Si ujinga. Ni utii. Shule imewafundisha kitu kwa karatasi, na sasa inawachapa kwa ubao.

Lakini kwa nini pale ni sawa na hapa si sawa? Nimewaahidi jibu Jumatatu. Sina.

Jumamosi, 24 Februari

Ninalo. Limenijia nikipepeta unga.

Kwenye buletini kuna karatasi mbili. Moja ina pointi kumi, nyingine ishirini. Ukiziweka pamoja, kitu kizima kimekuwa kikubwa: pointi thelathini. Kwenye sehemu zangu za ubaoni kitu kizima ni kimoja, na hakikui. Nusu yake na theluthi yake, vyote vimetoka humo humo.

Kwa hiyo swali si namba za juu wala za chini. Swali ni: sehemu ya nini? Na hili ndilo swali ambalo hakuna anayeuliza katika jimbo zima la Lualaba. Kila mkubwa anasimama jukwaani anataja sehemu yetu. Mnapata sehemu fulani, mtaongezewa sehemu fulani. Sehemu ya nini? Ya shimo? Ya vumbi? Ya kilichobaki baada ya wao kula? Sehemu isiyotaja kizima chake ni uongo uliovaa tai. Nimeandika hayo kwenye makala mara ngapi, na sikuwahi kuona kwamba ni somo la darasa la tano.

Nimefurahi hadi nimeunguza uji.

Jumatatu, 26 Februari

Nimeshindwa vibaya.

Nimetumia bukari, ugali wa kila siku. Chukueni bukari moja, nimesema, mpeni mgeni nusu, kisha mumwongezee theluthi. Mama Kapinga anasema amepata 2/5. Lakini 2/5 ni chini ya nusu. Mgeni ameongezewa, na sahani imepungua. Inawezekana?

Nilidhani nimemaliza. Mama Ngoie, mshonaji, mnene na mwenye ulimi, akauliza ni bukari ya nani. “Kwangu, Madame, batoto banafika mbele ya nusu.” Kicheko. Mwingine akasema theluthi ya bukari ni tonge moja kwa mumewe. Wakabishana theluthi ni kubwa kiasi gani. Bukari haina alama. Kila mkono unaikata kwa njaa yake.

Mama Kapinga hakucheka. Alisema amekubali kwamba 2/5 haiwezekani. “Sasa ni ngapi?” Nikachora duara, nikakata vipande sita. Akaniangalia. “Hizo sita zimetoka wapi?”

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu. Nilijibu kwa maneno ya kitabu, na macho yake yakazimika palepale.

Direkta alikuwa amesimama nyuma, kumbe. Baada ya somo ameniambia majina ya mtihani yanapelekwa tarehe 13, na jina la Mama Kapinga halitakuwemo. Mwaka jana waliofeli walikuwa wengi, kamati ya kanisa ilitaka kufunga kituo. Hawezi kubeba mtu anayebishana na ubao. Naelewa hofu yake. Nimemwambia hofu si kipimo cha mwanafunzi. Tumepandishiana sauti mbele ya mlinzi. Mwishowe amesema atampima yeye mwenyewe, ubaoni, mbele ya wote, Jumanne tarehe 12. Swali litakuwa lake.

Nimekubali. Mama Kapinga sikumuuliza kwanza. Nimemwambia njiani. Tulipofika kona ya reli akasema, “Haya. Lakini unifundishe, Madame, usinipiganie tu.”

Imeniuma. Ni kweli.

Jumatano, 28 Februari

Direkta amegawa vikwembe vya tarehe nane Machi, vitenge vya Siku ya Wanawake. Walimu wanawake tumepata kila mmoja piesi nzima, yadi sita, bado imekunjwa na gundi ya kiwandani inanukia. Rangi ya machungwa, picha ya mwanamke mwenye tochi mkononi, na maneno kuhusu haki sawa. Sote tushone, sote tuandamane, tupigwe picha.

Kila mwaka hivi hivi. Mwanamke anayeomba cheti anapewa kitambaa. Anayeomba maji anapewa kitambaa. Nimekitupa juu ya kabati.

Nimekishusha tena. Nimekitandika kitandani.

Yadi sita!

Hakuna mwanamke Kolwezi asiyejua piesi ni yadi sita. Nusu piesi ni yadi tatu, inauzwa hivyo kila duka. Na ukigawa piesi kwa watu watatu, yadi mbili mbili, ya kujifunga kiunoni. Hawahitaji nichore duara. Sita wanazo tangu siku ya kuposwa.

Ijumaa, 1 Machi

Nimekwenda na piesi na mkasi. Mama Ngoie amepima kwa utepe wake, akatia chaki kila yadi. Nimeuliza: nusu ni wapi? Wamejibu wote kwa sauti moja, yadi ya tatu. Nimekata.

Wakapiga kelele kama nimemchinja mtu. Kikwembe cha Direkta! Cha tarehe nane! Mama Ngoie akashika kichwa: “Eh, Madame, weye unatafuta bita!” Nimemwambia vita vimeshanipata siku nyingi, mimi navipa mkasi tu.

Theluthi ya piesi nzima? Yadi mbili. Nimekata tena. Nikampa Mama Kapinga vipande vyote viwili, yadi tatu na yadi mbili. Uko na nini mkononi?

“Yadi tano.”

Yadi tano za ngapi?

Aliangalia yadi moja iliyobaki juu ya meza, peke yake. Akaenda ubaoni. Aliandika 1/2, akaweka 3/6 chini yake. Aliandika 1/3, akaweka 2/6. Kisha 5/6. Kisha, bila kuambiwa, akaandika kutoa: 6/6 − 5/6 = 1/6, na kidole chake kikaelekea kile kitambaa mezani.

“Kumbe nusu na theluthi hazipangane sababu hazina jina moja. Unazipa jina la yadi, sasa zinapangana.”

Kwa nini buletini ni tofauti, nimemuuliza. “Buletini ni bikwembe bibili.”

Nimetoka nje kidogo. Nimejifanya nasikiliza mlipuko wa mgodini. Ulikuwa umeshapita.

Jumatatu, 4 Machi

Direkta amejua. Ananiita mtu wa fujo. Nimeharibu zawadi, nimedharau siku ya wanawake, nimemwaibisha mbele ya kamati. Nimemjibu kwamba katika miaka yote ya vikwembe hivi, hiki ndicho cha kwanza kumsaidia mwanamke yeyote. Anataka kuniondoa darasani baada ya mtihani wake wa tarehe 12. Aniondoe! Atafute mwingine atakayefundisha bure huku akitukanwa.

Darasani, suala zito: nani atavaa vipande? Mama Ngoie amejaribu theluthi. “Mi na theluthi hatupatane.” Amepewa nusu. Theluthi imekwenda kwa mwenzao mmoja, bibi wa kuuza mkaa, mwembamba. Mabaki, ile yadi moja, amechukua Mama Kapinga, ya kufunga kichwani.

Jumatano, 6 Machi

Leo robo. Nilijua itatusumbua. 3/4 − 1/3. Robo ya yadi sita ni yadi moja na nusu, alama za chaki hazifiki hapo. Wakakwama. Wawili wakarudia ugonjwa wa zamani: juu toa juu, chini toa chini, 2/1. Yaani umetoa kitu, ukabaki na piesi mbili nzima! Nikawaambia wanipeleke kwenye duka hilo. Walicheka wenyewe, na wakafuta.

Mama Ngoie ndiye aliyetukwamua kwa mazoea ya kushona. Kata kila yadi mara mbili. Nusu-yadi kumi na mbili. Basi: 9/12 toa 4/12, 5/12. Yadi mbili na nusu. Amepima kwa utepe, ikatoka.

Mama Kapinga hakuonekana kuridhika. Tano na saba je? Nane na sita je? Tutakata yadi hadi ziwe nyuzi? Nimemwambia kitu ambacho sikuwa nimekipanga. Kwamba piesi ya dukani ni yadi sita, lakini yake ya kichwani inaweza kuwa yadi zozote anazotaka. Achague ndefu ya kutosha, ili sehemu zote mbili zikate kwenye alama, si katikati. Mwenye duka ni yeye.

Aliandika hilo kwa maneno yake, sikuona maneno gani. Zimebaki siku chache. Ninaogopa. Direkta si mjinga, atatoa namba chafu.

Ijumaa, 8 Machi

Sikuandamana. Nilisimama kando ya barabara na gauni langu jeusi, watu waseme watakalo. Vumbi halikuwepo, mvua ya usiku imelilaza. Vikwembe vya machungwa vilipita, safu kwa safu, benki, hospitali, shule. Halafu kituo chetu. Direkta mbele. Mama Ngoie katikati, nusu piesi imembana, anapunga mkono kama waziri. Bibi wa mkaa na theluthi yake. Mama Kapinga mwishoni na kitambaa kichwani, 1/6, gauni lake la kawaida chini.

Waliponiona walipiga kelele, “Tano ya sita! Moja ya sita!” Watu wakashangaa, wakadhani ni namba za timu. Direkta akageuka. Niliinua kidevu.

Bado siamini maandamano. Lakini hilo nililiona, na naliandika.

Jumanne, 12 Machi

Kanisa limejaa. Hata wasiosoma wamekuja kutazama. Wazee wawili wa kamati kwenye benchi la mbele. Direkta ameandika: 5/8 + 1/6. Kisha: jibu litolewe kwenye 1.

Namba chafu. Nilijua.

Mama Kapinga alisimama na chaki. Kitambaa kichwani. Mkono ukaenda chini ya mstari, mahali ambapo angeandika 14. Nilifumba macho. Nilipofumbua, hakuwa ameandika kitu. Alikuwa anaongea na nafsi yake, lakini kanisa zima lilisikia.

“Cha yadi sita hakitoshe. Cha munane, sita haikate. Kumi na sita, hapana.”

“Ongea vizuri, Mama,” Direkta akasema. “PPCM iko wapi?” Hilo ndilo jina la Kifaransa la namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili. Amewakaririsha wanawake hao kama katekisimu, bila kuwaambia ni ya kazi gani.

“Nayikata, Tata Direkta. Unipe nafasi.”

Mama Ngoie akacheka kwa nguvu, akazibwa mdomo na jirani.

“Makumi mbili na ine,” Mama Kapinga akasema. Akageukia watu. “Leo mi niko na kikwembe cha yadi makumi mbili na ine. Kikubwa kuliko bya kwenu byote.” Na hapo akaandika, bila haraka, herufi za mtu anayejua anakokwenda: 15/24. 4/24. 19/24. Alirudi, akagusa kila namba ya juu kwa kidole. Kisha 24/24 − 19/24 = 5/24.

Direkta alihesabu kwenye kiganja chake. Mzee mmoja wa kamati alikuwa anahesabu pia, midomo inatembea, na alichelewa kumaliza.

“Ni sawa,” Direkta akasema. Kisha akauliza, na safari hii si kwa hila, nadhani alitaka kujua kweli: kwa nini hukujumlisha nane na sita?

“Sababu kikwembe ni kimoja, Tata.”

Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa na hotuba nzima, kali, imenolewa wiki mbili. Kuhusu namba, kuhusu wanaoamua nani anaweza, kuhusu jimbo hili. Nilifungua mdomo. Mama Kapinga alinitazama tu. Nikaufunga.

Hajashindwa na yeyote. Hakuhitaji wakili.

Jina limeandikwa.

Ijumaa, 15 Machi

Asubuhi ya ukungu. Hakuna mlipuko leo.

Direkta hajaniondoa. Hajasema nibaki pia. Ameacha boksi jipya la chaki mezani kwangu. Nimelichukua.

Wametoa karatasi za matokeo ya kituo, kwa walioandikishwa. Ya Mama Kapinga: Imla 6/10. Hesabu 14/20. Chini yake, kwa kalamu nyekundu: 20/30. Aliisoma amesimama karibu na dirisha, akiwa na aproni begani, anataka kuwahi gari la kantini. Kidole kilipita juu na juu, chini na chini.

“Hapa ni bibili,” alisema taratibu.

“Ni viwili,” nimesema.

Chini ya karatasi kuna mstari, uleule wa buletini zote: saini ya mzazi. Hakuna aliyefikiria kuufuta kwa ajili ya watu wazima. Mama yake alifariki Mutshatsha zamani. Aliuangalia mstari kidogo. Akaomba kalamu yangu, akatia saini mwenyewe, jina lote, akapuliza wino ukauke.

Aliiweka ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na ya Odia. Alikaza kitambaa kichwani, akatoka.

Nimeanza kuandika somo la leo ubaoni.